Mishkaki bila ng'ombe, hapa hapa Jang'ombe: shajara ya projekti yangu

Jumamosi, siku ya kwanza

Basi nianze. Mama mdogo ana meza ya urojo hapa Jang'ombe, Unguja, miaka mingi sasa, mie ndio msaidizi wake, nachoma mishkaki, naosha mabakuli, napigiwa kelele. Sasa urojo wenyewe ukiutazama vizuri hauna nyama. Ule uji wa unga wa ngano na manjano na embe mbichi na ndimu, viazi, bajia za dengu, kachori, chatine ya nazi, chipsi za muhogo, pilipili, vyote vya shamba. Nyama ni kile kijiti kimoja tu kinachowekwa juu, na yai kwa anaetaka. Na kila wiki hakosi mtu wa kusema "nitilie bila mishkaki", wengine Wahindu wa Mji Mkongwe, wengine wageni, na juzi kaja mzee wetu wa mtaa huu huu, daktari kamwambia apunguze nyama nyekundu, akalitazama bakuli lake kama mtu alofiwa. Mama mdogo huwatilia bajia ya ziada, imekwisha hiyo.

Nikamwambia mama mdogo hawa watu hawataki bajia, wanataka kijiti. Akanambia "tengeneza basi mwanangu, mie sikukatazi, ila usinimalizie mkaa wangu".

Kwahiyo ndio projekti. Kijiti kisicho na nyama ambacho kikikaa juu ya moto hakidondoki, kikitiwa mdomoni kinatafunika, kina protini ya kweli sio sura tu, na kila kitu nikipate sokoni Darajani au Mwanakwerekwe bila kuagiza ng'ambo. Naandika hapa kila nikijaribu, ili mtu mwengine anaeanza kama mie asirudie makosa yangu, na mie mwenyewe nisirudie maana nasahau sana.

Jumatatu usiku

Leo sijapika, nimesoma tu, na kichwa kinauma kidogo. Toka skuli nilikuwa najua protini ni nyama, samaki, mayai na maziwa, halafu maharage yanatajwa mwisho kama mtoto wa kambo. Kumbe kwa uzito wa vikavu kunde, choroko, mbaazi, dengu na adesi zote zinacheza kwenye gramu 20 hadi 25 za protini kwa kila gramu 100, karanga nazo humo humo au zaidi kidogo, na soya ndio kiboko, gramu 36 hivi. Nyama ya ng'ombe ilopikwa ni kama 26. Nikafurahi nikasema kumbe kunde na nyama ni sawa sawa!

Sio sawa. Huo ndio mtego wa kwanza na nimeuingia mzima mzima. Kunde kavu huli, unazichemsha, zinakunywa maji zinavimba, na gramu 100 za kunde zilopikwa protini inashuka mpaka kama 8 tu. Haijapotea, imegawanywa kwenye maji. Kwahiyo ukiona mtu anakwambia kitu fulani kina protini kupita nyama muulize kwanza kikavu au kimeshapikwa.

Mtego wa pili ni ubora. Protini imejengwa kwa asidi amino, na zipo 9 ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima zije na chakula. Mie nilielewa hivi: bibi yangu yuko Pemba anasuka ukili wa mkeka, ana miyaa myeupe, myekundu, myeusi. Ikimalizika ile myekundu basi mkeka wa maua yale umesimama, hata kama myeupe imejaa kapu zima. Jamii ya kunde wana laisini, moja ya zile 9, kwa wingi lakini methionini, nyengine humo humo, ni haba. Ngano na mchele kinyume chake, methionini ipo, laisini ndio inakatika mapema. Ukiviweka pamoja kila mmoja anamaliza upungufu wa mwenzake. Sasa fikiria mbaazi za nazi na mkate, wali na maharage, yaani wazee wetu walikuwa wanasuka mkeka huo bila kujua jina la rangi. Na si lazima viwe sahani moja, ukila hichi mchana na kile usiku inatosha.

Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 ya protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, mie nina kilo 60 kwahiyo 48. Si nyingi kihivyo. Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba tatizo letu hata si protini, protini imo jikoni. Tatizo ni kwamba kunde tunaziita mboga, na mgeni akija humuwekei mboga. Hana kitoweo huyu, watasema. Kijiti ndio kitoweo.

Jumatano

Jaribio 1, nyama ya soya. Ile inayouzwa kwenye mapakti, vipande vikavu vyepesi kama sponji. Hii inatokana na unga wa soya ulokamuliwa mafuta, unasukumwa kwenye mashine kwa joto na presha kubwa, ukitoka mdomoni mwa mashine unafura na kupata nyuzi nyuzi, teknolojia ya Marekani ya miaka ya 1960. Ikiwa kavu nusu yake ni protini, lakini usisahau mtego wa Jumatatu, ikilowekwa inakunywa maji karibu mara mbili ya uzito wake na unabakia na 16 au 17 kwa mia. Bado nzuri sana.

Nimeloweka maji ya moto robo saa, nikakamua, nikatia thomu, tangawizi, ndimu, bizari, chumvi, saa moja, nikachoma. Nje ikakauka kama gamba, ndani kuna hewa. Na ina harufu fulani ya boksi. Babu jirani yetu anaekaa barazani toka alasiri, ambae nimemteua kuwa mwonjaji mkuu bila kumuuliza, akatafuna, akatafuna, akasema "mjukuu wangu, hili godoro".

Nilichojifunza: maji ya kwanza yamwagwe, iloweke tena, ikamuliwe kwa nguvu kama unakamua tui, mara mbili tatu, ndio harufu inatoka na ndio viungo vinapata pa kuingia. Nilipofanya hivyo jioni nikaipika kwenye mchuzi wa nazi badala ya kuchoma ikawa tamu kweli. Kwa mchuzi naipendekeza kwa yeyote anaeanza, ni rahisi kupita zote nilizojaribu. Kwa kijiti hapana.

Alhamisi, kunradhi mdogo wangu

Hii naiandika kwa aibu lakini lazima iandikwe.

Bajia za kunde kila mtu anajua, unaloweka kunde, unatoa maganda, unasaga mbichi, unakaanga. Nikasema nifanye vile vile na maharage mekundu kwa sababu rangi yake ikisagwa inafanana na nyama, nikaloweka usiku, asubuhi nikasaga kwenye blenda na kitunguu na kotmiri, nikafinyanga vidonge vinene, nikakaanga mpaka nje vikawa kahawia vizuri kabisa. Mdogo wangu karudi kutoka skuli na njaa kala vinne. Haikupita saa mbili anatapika, tumbo linamkata, mama anasoma dua mie nimesimama na ndoo. Alipona jioni ile ile alhamdulillah, lakini siku ile sikula.

Kumbe maharage mekundu mabichi yana sumu, ni aina ya lektini, na punje mbichi nne tano tu zinatosha kumlaza mtu. Kukaanga kidonge kinene hakusaidii kwa sababu nje kunaungua na ndani hakujapata moto wa kutosha. Dawa yake ni kuloweka saa tano au zaidi, kumwaga yale maji, kisha kuchemsha kwa maji mapya yanayotokota kweli kweli kwa dakika 10 kwa uchache, halafu ndio uendelee mpaka yaive. Moto mdogo wa kuvukiza tu hautoshi, unaweza hata kuizidisha hiyo sumu. Kunde, choroko na dengu hazina tatizo hilo kwa kiasi cha kutisha ndio maana bajia zetu hazijamuua mtu. Soya nayo mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, kwahiyo soya pia ni ya kupikwa sawa sawa.

Usilete ubunifu kwenye maharage mekundu. Basi.

Jumapili

Fenesi! Hili nililitamani toka mwanzo kwa sababu nyumbani kwa shangazi huko Dole yanaoza chini. Linatakiwa bichi, dogo, kabla mbegu hazijawa ngumu. Utomvu wake si mchezo, pakaza mafuta ya nazi kisuni na mikononi kabla ya kugusa, mie nilikumbuka baada ya kugusa, nimeshinda siku nzima vidole vimeganda utadhani nategea ndege kwa ulimbo. Ukilikata vipande ukalichemsha na chumvi nusu saa hivi linachambuka nyuzi nyuzi, na ukiliunga na bizari ya pilau na nyanya mtu wa mbali atasema nyama ya kuchambua.

Babu kalisifu. Mama mdogo kalisifu. Wateja wawili wamelisifu. Mie ndio nilokataa.

Fenesi lina protini chini ya gramu 2 kwa mia. Yule mzee alokatazwa nyama nikimpa kijiti cha fenesi nimempa sura ya nyama na ndani ni tunda, na akishinda siku nzima na chai na mkate na kijiti changu atadhani amekula kitoweo. Sikatai kulipika, ni tamu, wekea sambusa, lakini lisiitwe mbadala wa nyama kwa maana ya lishe. Na kwenye kijiti lenyewe linachambuka likidondoka kwenye makaa, kwahiyo hata moto umekubaliana na mie.

Jumanne mpaka Alhamisi, tofu

Tofu ni maziwa ya soya yalogandishwa kama jibini. Wachina wanaifanya karibu miaka elfu mbili, mie nikasema siku tatu zitanitosha.

Nusu kilo ya soya, nimeloweka usiku, asubuhi zimefura mara mbili. Nikasaga na maji kidogo kidogo kwenye blenda, jumla maji kama lita nne, nikachuja kwa kitambaa cha kanga kuukuu ilofuliwa vizuri, kukamua ni kule kule kwa tui, mikono ishazoea. Yale maziwa nikayabandika. Hapa usiondoke! Yanafura ghafla kuliko maziwa ya ng'ombe na chini yanashika, mie nilienda kumfungulia mtu mlango tu nikarudi jiko limezimwa na povu. Yachemke kama dakika kumi huku unakoroga, ile harufu ya ubichi inapungua.

Sasa kugandisha. Mara ya kwanza nilitia maji ya ndimu, yakakatika, lakini tofu ikawa laini na uchachu kidogo. Mara ya pili nikakumbuka nimesoma kwamba wanatumia chumvi ya magnesia, na chumvi ya magnesia ni nini jamani, si haluli! Ile ile ya kuharisha. Nilipokwenda dukani kuiuliza muuzaji kaniangalia kwa huruma akaniuliza siku ngapi. Nikamwambia ya kupikia akazidi kunihurumia. Kijiko cha chai na nusu kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, moto umezimwa, unamimina kidogo kidogo unakoroga mara moja unaacha. Na hapo ndipo kuna kitu kizuri cha kutazama: yale maziwa meupe mazito yanaanza kuwa na mawingu, halafu mawingu yanajikusanya yanazama, juu yanabaki maji ya manjano masafi kabisa kama mkojo wa mtoto, samahani lakini ndivyo. Ukiona maji bado meupe ongeza haluli kidogo. Kisha unachota unatia kwenye kichungi chenye kitambaa, unakandamiza kwa kitu kizito, mie nilitumia kinu cha thomu juu ya sahani. Maji mengi ya haluli yanamwagika huko kwahiyo hakuna alokimbilia chooni, nilihakikisha.

Ilokandamizwa saa mbili ikawa ngumu ya kukatika. Nikaichoma. Nje inapata ngozi nzuri ya kahawia, ndani laini kama yai. Tamu! Lakini kijiti kinaipasua, nusu ya vipande vilidondoka, na mama mdogo kasema hii ni jibini haiwezi kuwa mishkaki, watu watadhani tumewawekea yai bovu. Naiweka kando, kwa mchuzi wa nazi na bilingani itanifaa nyumbani.

Makapi ya soya usitupe, yana protini bado, ila ni mabichi kwahiyo nayo yapikwe sawa sawa. Mama mdogo kayachanganya kwenye kachori na hakuna mteja alosema kitu.

Katikati hapa kuna kijana mgeni alikaa mezani kwetu akanionesha kwenye simu burga za kwao zisizo na nyama, Beyond Meat inayotumia protini ya njegere na rangi ya bitruti, na Impossible ambayo inatia kitu kinachoitwa himu, kile kinachoipa nyama ladha ya damu, wamekitoa kwenye mizizi ya soya wakakizalisha kwa hamira. Kampuni zote mbili za California, moja ya 2009 nyengine ya 2011. Nimestaajabu lakini kwa kweli hainisaidii. Wao wanatafuta ladha ya damu, sie nyama yetu ikishakaa kwenye thomu na tangawizi na ndimu na bizari usiku kucha hiyo damu unaionja wapi? Mishkaki ni viungo, moshi na kutafuna. Viungo ninavyo. Nimebakiza moshi na kutafuna.

Jumamosi

Kutafuna nimekupata, kwenye unga wa ngano, kitu nnachoshika kila siku.

Kanda unga wa ngano kilo moja na maji mpaka uwe donge gumu, uache kwenye maji saa moja, halafu lioshe. Ndio, lioshe kama nguo. Unalifikicha ndani ya beseni la maji, maji yanakuwa meupe pee, hiyo ni wanga inatoka, unamwaga unatia mengine, tena na tena. Kati kati utadhani umeharibu kila kitu maana donge linameguka meguka linakuwa kama uji wenye nyuzi, usiogope endelea, linajishika tena lenyewe. Mwisho linabaki kitu cha rangi ya kijivu, kinavutika kama mpira. Hiyo ndio gluteni, protini ya ngano. Jikoni za watawa wa Kibudha huko Uchina wanaipika toka zama. Kilo moja ya unga imenipa kama robo kilo na kidogo ya mpira mbichi.

Nilikuwa namwaga yale maji meupe mama mdogo akanishika mkono. "Wewe, unamwaga urojo!" Kweli, wanga ule ule ndio unaoshikisha urojo, kayaacha yatulie kachota ya chini kachanganya na unga wake, siku ile urojo ulikuwa unang'aa. Tokea hapo ndio kaanza kuipenda projekti, sio kwa sababu ya mzee wala Wahindu.

Nikauchemsha mpira kwenye maji ya viungo yakitokota kwa nguvu. Kosa. Ukafura ukawa na matundu kama mkate wa kumimina. Inatakiwa moto mdogo au mvuke.

Jumapili, msiba mdogo

Mara ya pili nikaupika vizuri, mgumu, nikakata vipande, nikaviroweka kama tunavyoroweka nyama: thomu, tangawizi, ndimu na papai bichi. Nikatia kwenye friji mpaka asubuhi.

Asubuhi hamna vipande. Kuna uji wa kijivu unaonuka bizari.

Nilikaa chini jikoni nikacheka peke yangu. Papai bichi linalainisha nyama kwa sababu lina kimeng'enya kinachokata kata protini. Na mie hapa nina nini zaidi ya protini tupu? Haina mfupa haina mshipa, papai limekula limemaliza. Kwa namna moja ilinipa moyo, maana kama papai linaila basi nyama gani tena. Lakini papai marufuku.

Jumatano

Limebaki suala la mkeka. Gluteni ni ngano, na ngano laisini yake ndogo. Kijiti cha gluteni peke yake kina protini nyingi ya rangi moja. Kwahiyo nataka unga wa dengu uingie, ule ule wa bajia, ambao laisini umejaa. Lakini mpira ulokwisha kuoshwa haukubali kitu, ukiupaka unga unateleza unakataa kama paka anaeogeshwa. Nilijaribu kwa mikono nusu saa nikachoka.

Nikautia kwenye kinu. Nimeunyofoa vipande vidogo vidogo, nikatia gramu 100 za unga wa dengu, thomu ilosagwa, bizari, pilipili manga, chumvi, kijiko cha mafuta, nikatwanga. Mwanzo mchi unarudi juu wenyewe, dum, dum, majirani wanauliza mnatwanga nini usiku huu, halafu pole pole ukaanza kukubali, ule unga umejificha ndani ya nyuzi. Nikaufunga kwenye jani la mgomba nililolipitisha motoni, nikalifunga kamba, mvuke dakika 45, nikauacha upoe mpaka asubuhi ya pili. Kupoa ni muhimu, ukikata wa moto unameguka.

Ulipokatwa una nyuzi. Wallahi nyuzi zinaonekana.

Ijumaa

Moshi. Vijiti 20, vimelowekwa na ndimu, tangawizi, ukwaju na pilipili, bila yule mtu, papai. Juu ya moto vikakauka haraka na havina ile harufu ya Forodhani jioni. Nikafikiri sana, halafu nikatazama mishkaki ya kweli ya mama mdogo pembeni: mafuta yanadondoka kwenye makaa, tsss, moshi unapanda unaishika nyama. Changu hakina mafuta ya kudondosha! Nikachukua tui zito, nikatia chumvi na manjano, nikapakaza kwa brashi kila nikigeuza. Tsss. Moshi ukapanda.

Babu kapewa bila kuambiwa. Katafuna kimya. Akaomba cha pili, halafu kaniuliza nyama hii ng'ombe gani mbona haina mshipa. Nikamwambia ni ngano na dengu babu. Akakaa kidogo akasema "unga wako leo umekua", na cha tatu akakichukua mwenyewe.

Hesabu ya karatasi tu: vijiti 20 vimegawana kama gramu 100 za protini, kwahiyo kijiti kimoja 4 mpaka 5. Yai moja ni 6. Kwa kijiti cha urojo inatosha sana.

Wiki ya kwanza mezani

Tunauza 500 kijiti. Siku ya kwanza viliuzwa 11, ya pili 16, ya tatu 20 vyote na watu wakauliza. Mteja mmoja kauliza halali hii? Nikamwambia sijachinja dengu bismillah nimesema wakati wa kutwanga.

Mambo ya kukumbuka. Anaeuliza lazima aambiwe kina ngano, na urojo wenyewe una ngano, kuna watu gluteni inawaumiza utumbo kweli, hao nawapa choroko au tofu ya nyumbani. Mtu anaetaka kuacha nyama, samaki, mayai na maziwa vyote kabisa, vitamini B12 hataipata kwenye mimea, atafute chakula kilotiliwa au vidonge, hilo halina ujanja. Madini ya chuma ya kunde na dengu mwili unayachukua kwa tabu kuliko ya nyama, ila ndimu inasaidia na chai inazuia. Urojo una ndimu tayari, raha. Lakini sie tukimaliza kula tu kikombe cha chai mkononi, nimeanza kuisogeza chai mpaka saa moja baadae, nyumbani wanalalamika.

Na kosa la mwisho, hili kaliona mteja wa Kihindu kwa upole kabisa: brashi moja. Nilikuwa napakaza mishkaki ya nyama na vijiti vyangu kwa brashi ile ile, juu ya wavu ule ule. Niliona aibu, nikamrudishia pesa yake hakuipokea, kasema nitarudi ukipata jiko lako. Mama mdogo kasikia. Usiku wakati tunafunga meza katoa uvunguni seredani yake ya zamani, ile alioanzia kazi, imeshika kutu na mguu mmoja hauna. Kesho asubuhi naipeleka kwa fundi wa kuchomelea.